Nilivaa mimi, mdogo wangu sikumvalisha: miezi 14 baada ya ajali ya pikipiki

Msafiri wa Kibamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeuandika mara tatu na mara tatu nikaufuta. Leo asubuhi nikiwa kwenye foleni ya Mbezi, bodaboda amesimama pembeni yangu kapakia mama na binti wa shule. Kofia ya abiria ilikuwepo, imening'inia kwenye usukani, inabembea. Foleni ikasogea, wakaondoka. Nimefika kazini mikono bado inatetemeka, na nimeamua safari hii siufuti.

Naendesha pikipiki tangu 2016. Sifanyi biashara ya bodaboda, ni usafiri wangu wa kazini, Kibamba hadi Kariakoo na kurudi, Boxer ya 150. Miaka yote hiyo sikuwahi kuanguka. Jirani yangu alipovunjika taya ndipo nikaanza kununua vifaa kidogo kidogo: helmeti ya kufunika uso mzima, kisha jaketi lenye pedi mabegani, viwikoni na mgongoni, kisha glavu za ngozi. Buti na suruali yenye pedi nikasema vitasubiri mwisho wa mwaka.

Kofia ya abiria sikuibadilisha. Ilikuwa ile nyepesi ya elfu 15 ya kando ya barabara, nusu kichwa, ndani ina sponji laini kama ya kochi. Kifungo cha mkanda wake kilikufa kama mwezi mmoja kabla ya ajali. Nilikuwa najua. Nilimwambia mdogo wangu aushikilie mkanda kwa mkono.

Ilikuwa Machi mwaka jana, Ijumaa jioni, mvua imetoka kukatika. Nilimpitia Ubungo, anasomea ufundi umeme. Tulikuwa tumeshaipita Mbezi, mwendo kama 50, gari dogo likachomoka kutoka barabara ya pembeni, dereva hata hakuangalia. Nikakamata breki ya mbele kwa nguvu zote. Maji ya mvua yalikuwa yamesomba mchanga hadi barabarani, tairi la mbele likateleza, tukawa chini.

Ninachokikumbuka ni sauti. Kidevu cha helmeti kikisagika kwenye lami, chini ya pua yangu, kama mtu anakwangua sufuria kwa msumari. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani kitu kama kile kinaweza kuchukua. Baadaye niliipima ile alama kwa kidole: mfereji kwenye kidevu, ncha ya kidole inaingia. Pale ndipo ingekuwa taya yangu. Glavu ya kulia kiganjani ngozi ilitoboka, mkono wangu ulipata mchubuko wa ukubwa wa sarafu. Jaketi kiwiko kililika hadi kwenye pedi, kiwiko chenyewe kikavimba wiki moja tu.

Chini nilikuwa na suruali ya kitambaa na viatu vya ofisini. Kiatu cha kulia sikukiona tena. Pikipiki ililalia mguu huo, mfupa wa ugoko ukavunjika sehemu mbili, kipande kikatoboa ngozi na kutoka nje.

Sasa mdogo wangu. Kofia ilimtoka kabla hata hajafika chini. Waliotuokota walisema waliiona ikibingirika hadi mtaroni. Lakini yeye alisimama, wakuu, na hili naomba mlisome taratibu. Alisimama, akaja kunishika, akachukua simu yangu akampigia mama: "Tumeanguka, mimi mzima, kaka ndiye kaumia mguu." Alikuwa na damu kidogo juu ya sikio la kushoto, basi. Wasamaria wakatupakia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Njiani akasema kichwa kinauma, akatapika, kisha akaniegemea begani akalala. Nikadhani ni uchovu. Nikamwacha alale.

Tulipofika mapokezi hakuamka.

Kipimo cha CT kilionyesha mfupa mwembamba wa ubavuni mwa kichwa, pale juu ya sikio, umepasuka na kukata mshipa wa damu unaopita chini yake. Damu ilikuwa inajaa kati ya fuvu na utando wa ubongo, inausukuma ubongo. Daktari alinieleza kwamba hali hii mara nyingi huanza hivyo hivyo: mtu anazinduka, anaongea vizuri, dakika kadhaa au saa kadhaa, kisha anazama. Walimfungua fuvu usiku ule ule. Alikaa siku 9 bila kufumbua macho.

Mtu aliyejipigia hesabu ya vifaa, akajifunika yeye na kumwacha wa nyuma, ni mimi. Ndiyo maana nimeandika.

---

Boda wa Buzuruga

Mkuu pole sana, na mpe pole dogo. Mimi niko kijiweni hapa Mwanza mwaka wa nane. Nitasema ukweli wa kijiwe: elementi, yaani helmeti, tunavaa kwa ajili ya trafiki. Ya abiria tunabeba kwa ajili ya trafiki pia. Abiria wenyewe wanakataa, anakwambia ina jasho la watu, itampa fangasi, itamharibia nywele, naenda hapo karibu tu. Ukimlazimisha anashuka anapanda ya mwenzako. Halafu hizo za kufunika uso mzima kwa jua letu hili si unaungua humo ndani? Na bei yake inatisha. Tupe darasa, ya maana unaijuaje?

---

Msafiri wa Kibamba

Kaka, asante kwa kusema wazi. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu nililala kitandani miezi mingi nikisoma habari hii tu.

Kazi ya helmeti haifanywi na gamba la nje peke yake. Gamba linagawa kishindo na kuzuia kitu chenye ncha kupenya. Kinachookoa ubongo ni lile povu gumu jeupe la ndani, linalofanana na la kufungia televisheni mpya. Kichwa kinapogonga, povu linapondeka, na kwa kupondeka linakipa kichwa muda kidogo wa kusimama. Muda huo ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ndio unaotenganisha ubongo uliotikisika na ubongo uliopasuka mishipa. Povu likishapondeka halirudi. Kwa hiyo helmeti iliyokwisha kugonga barabarani, hata kama nje inang'aa, kazi yake imeisha. Ndiyo maana nawaomba msinunue helmeti ya mtumba. Jaketi la mtumba sawa, unaligeuza unaliona. Helmeti huwezi kujua ilianguka na nani.

Sasa bonyeza ndani ya zile za elfu 15 kwa kidole gumba. Nyingi utakuta sponji ya kubonyea imebandikwa moja kwa moja kwenye plastiki. Hapo hamna helmeti, kuna bakuli.

Alama ya kutafuta: kwa zinazofuata kanuni ya Ulaya kuna kibandiko kilichoshonwa kwenye mkanda, herufi E ndani ya duara na namba ya nchi. Namba ndefu iliyo karibu nayo ikianza na 05 maana yake ni ECE 22.05, ikianza na 06 ni ECE 22.06, ambayo ni mpya zaidi na inapima pia jinsi kichwa kinavyozungushwa kinapogonga kwa pembe. Za Marekani zinaandikwa DOT, ila herufi hizo hata stika ya mtaani inazo, kwa hiyo usiziamini peke yake. Za India huwa na alama ya ISI na namba IS 4151. Kenya wana kiwango chao, KS 77.

Kitu kimoja kilinishangaza. Kwenye jaribio kuu la 22.05 helmeti inagongeshwa kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa. Nikasema mbona ni mdogo hivyo, sisi tunakwenda 80? Sababu ni kwamba ukiteleza, kichwa chako kwa kawaida kinaanguka kutoka kimo cha mtu aliyekaa kwenye pikipiki. Mwendo uliobaki unaisha kwa kusota juu ya lami. Kusota huko ndiko kunakohitaji jaketi, glavu, suruali na buti. Mimi nilisota mita kama 15 na suruali ya kitambaa haikumaliza hata mita ya kwanza.

Joto ni kweli, sitakudanganya. Ukiwa kwenye foleni fungua kioo. Kuna majaketi ya wavu, upepo unapita, pedi zinabaki mahali pake, ndiyo ninayovaa sasa. Bei: ya kwangu ya sasa ni laki 2 na 10. Najua kwa mtu wa hesabu ya kila siku kwa bosi hiyo ni pesa nzito. Ukishindwa uso mzima kwa sasa, nunua ya nusu yenye povu gumu na kifungo kizima, kisha ufunge. Mkanda ukaze vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Isiyofungwa inaondoka kabla ya wewe kufika chini, mimi nimeiona ikiondoka.

---

Muuguzi Mstaafu

Poleni wanangu. Nimekaa wodi ya majeruhi miaka mingi na niliyoyasoma hapo juu nimeyaona mara nyingi mno, hasa hilo la kijana kusimama na kusema yuko mzima.

Aliyegonga kichwa asiachwe peke yake usiku wa kwanza, na asisemwe "mwacheni apumzike" njiani. Mnamsemesha. Akitapika, kichwa kikizidi kuuma, akianza kusinzia isivyo kawaida, akiongea ovyo, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, akipata degedege, au majimaji yakitoka puani au masikioni, hapo ni hospitali yenye uwezo wa upasuaji, tena mbio. Zahanati ya jirani itawapotezea saa moja ambayo hana.

Helmeti msimvue kwa kuivuta kama mtu anayevua buti. Kama anapumua na anaongea, mwacheni nayo, fungueni kioo tu. Kama hapumui au anatapika humo ndani, basi iondolewe na watu wawili: mmoja ameshikilia shingo na kichwa visigeuke, mwingine amefungua mkanda na anaipanua pembeni huku akiivuta polepole. Na jamani, majeruhi hakai katikati mshikaki juu ya pikipiki nyingine. Tafuteni gari, alazwe.

Mfupa uliotoka nje usirudishwe ndani. Funika kwa kitambaa safi, khanga iliyofuliwa inatosha, bana damu, funga mguu na ubao au hata na mguu wa pili usichezecheze. Hospitali waulize habari ya sindano ya pepopunda na dawa za kuua bakteria mapema. Kila saa inayopita bila dawa hizo jeraha linaoza.

La mwisho, na hili nalisema kwa uchungu. Vijana wengi wamekatwa miguu kwa sababu ndugu waliwatoa wodini kuwapeleka kwa mzee wa kuunga mifupa. Anafunga vijiti kwa kukaza, mguu unavimba ndani ya kifungo, damu haipiti, siku ya tatu vidole vimekuwa vyeusi. Mguu uliofungwa, kwa vijiti au kwa hogo (plasta ngumu ya hospitali), ukiuma kuliko ulivyouma siku ya ajali, vidole vikifa ganzi na kuwa baridi, usingoje asubuhi.

---

Msafiri wa Kibamba

Shikamoo mama, na asante sana. Hayo ya mzee wa mifupa yalinifika. Baba zangu wadogo walikuja siku ya tatu na gari limeshakodiwa. Mama ndiye aliyekaa mlangoni mwa wodi akasema mtoto wangu haondoki. Mguu huu ninaotembelea ni wa mama.

Nieleze safari ya kupona, kwa sababu watu hufikiri ukitoka hospitali umepona.

Usiku wa kwanza jeraha lilioshwa chumba cha upasuaji, nikawekewa vyuma vya nje, fremu imeshikilia mfupa kwa pini zinazopita kwenye ngozi. Nilikaa nayo wiki 6. Kila siku unasafisha mashimo ya pini kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi na pamba safi, shimo moja pamba yake. Ukiona usaha unarudi hospitali. Jeraha lilipokauka wakatoa fremu wakaingiza chuma ndani ya mfupa wenyewe, kutoka chini ya goti kushuka karibu na kifundo, kikabanwa kwa skrubu. Daktari aliniambia aina hiyo ya chuma inaitwa SIGN. Ilibuniwa kwa ajili ya hospitali ambazo hazina mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na shirika linaloisambaza lilianzishwa mwaka 1999 na daktari wa mifupa wa Marekani, Lewis Zirkle. Nina chuma hicho mguuni hadi leo na namwombea mzee yule.

Maumivu ya upasuaji yanaisha. Kazi kubwa ni mazoezi. Nilipoanza fiziotherapia paja la kulia lilikuwa dogo kuliko la kushoto kwa sentimita 4, goti halikunji, kifundo kimekuwa kama mbao. Mtaalamu, dada mmoja mpole lakini hana huruma na visingizio, alinipa khanga: kaa chini, nyoosha mguu, pitisha khanga chini ya nyayo, vuta kuelekea kwako, hesabu 30, achia. Mara 10 asubuhi, mara 10 mchana, mara 10 usiku. Nililia. Wiki ya tatu kifundo kikaanza kusogea. Magongo mawili miezi 4, gongo moja mwezi na nusu, halafu fimbo. Kila mara nilipotaka kuruka hatua mfupa ulinijibu kwa kuvimba.

Sigara niliacha kwa sababu daktari aliniambia inachelewesha mfupa kuunga. Nilikula dagaa, mayai, maharage, maziwa. Kiwanja changu cha Mlandizi kiliuzwa kulipia matibabu.

Mdogo wangu ilikuwa safari nyingine kabisa, na hakuna eksirei ya kukuonyesha imefika wapi. Alipoamka aliita kijiko "kile cha kulia". Alijua anachotaka, neno halimjii. Alisahau mwaka mzima wa chuo. Alikuwa kijana mtaratibu kuliko sote nyumbani, akawa anarusha sahani ukimuuliza jambo mara mbili. Mama alidhani amerogwa. Nilimpeleka mama kwa daktari akaelezwa kwamba sehemu ya ubongo inayozuia hasira nayo iliumia, kwamba huyu hatukani, anaumwa. Kuanzia siku hiyo mama alibadilika, na nyumba ikatulia. Wenye wagonjwa wa kichwa nyumbani, nendeni na ndugu wasikie wenyewe kutoka kwa daktari.

Maneno yamerudi karibu yote. Chuo amerudi mwezi wa 9, amerudia mwaka. Kitu kimoja hakijarudi: hasikii harufu. Vishipa vya fahamu vya kunusa vinapita kwenye vitundu vidogo juu ya pua na kichwa kikigonga vinaweza kukatika. Mara ya kwanza tulidhani ni jambo dogo. Halafu siku moja nikamkuta amekaa jikoni anasoma, gesi imefunguka na inavuja, nyumba nzima inanuka, yeye hana habari. Sasa mtungi tumeutoa nje. Na pilau ya mama anakula kwa sababu ni ya mama.

---

Mpangaji wa Kimironko

Nimesoma hadi hapa nikiwa na machozi. Mimi ni Mtanzania, niliishi Kigali miaka minne. Kule kila moto, ndivyo wanavyomwita bodaboda, anabeba kofia ya pili na haanzi safari hujafunga mkanda. Wiki ya kwanza niliona ni usumbufu, ya pili mkono ulikuwa unaipokea wenyewe. Jambo la fangasi wengi wanalimaliza kwa kitambaa chao, unafunga kichwa kwanza ndipo unavaa. Kampala nako SafeBoda walipoanza 2014 moja ya vitu vilivyowatofautisha ni kofia ya abiria. Kwa hiyo abiria wa Kiafrika anavaa vizuri tu akizoeshwa.

---

Dada wa Sinza

Upande wa nywele naomba niseme kama mwanamke. Nasuka, napanda boda kila siku. Nilinunua helmeti yangu mwenyewe saizi inayopita juu ya rasta, natembea nayo kwenye mfuko kama wengine wanavyobeba mwavuli. Ofisini walinishangaa mwezi mmoja. Sasa tuko wanne.

---

Mzee wa Kazi

Poleni lakini tusidanganyane. Ajali imepangwa na Mungu. Nimezika rafiki zangu wawili wote walivaa helmeti nzuri. Na ukivaa husikii honi nyuma, ndiyo inaleta ajali yenyewe.

---

Msafiri wa Kibamba

Mzee wangu, pole kwa marafiki zako. Sibishani na kaburi, na helmeti haimfufui aliyebondwa na lori kifuani.

Lakini kuna uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, wa mwaka 2008 uliokusanya tafiti 61 za waendesha pikipiki. Ulikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Haikusema asilimia 100. Katika hao 42 na 69 ndimo nilimo mimi. Mdogo wangu angekuwemo kama ningenunua kifungo.

Na wala jambo hili si geni. Mwaka 1935 yule Mwingereza T. E. Lawrence, aliyepigana pamoja na Waarabu kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, alianguka na pikipiki akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Hakuwa na kofia. Alikufa baada ya siku 6. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, hakulisahau. Alifuatilia vifo vya askari wa pikipiki wanaopeleka barua za jeshi, mwaka 1941 akachapisha alichokiona, na jeshi la Uingereza likawavalisha kofia. Sheria kwa raia wote kule ilikuja 1973. Miaka 38 tangu kifo cha mtu mmoja maarufu. Sisi sheria tunayo, tumeitundika kwenye usukani.

Kuhusu honi: nilichopoteza kwa kusikia nimekirudisha kwa kutazama vioo vya pembeni. Boda wengi wanaving'oa. Virudisheni, mzee wangu, nakuomba na wewe uwaambie vijana wako.

---

Boda wa Buzuruga

Nimerudi. Nimepita kwenye kijiwe chetu na huu uzi kwenye simu, tumeusoma pamoja tukiwa 11. Tumekagua kofia za abiria zetu zote. Vifungo vizima vilikuwa 4. Swali: dereva wa lile gari alikulipa? Hospitali mliingiaje bila hela?

---

Msafiri wa Kibamba

Kaka, umenipa nguvu ya kuendelea.

Dereva alisimama, hilo namshukuru. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, jamaa walituchukulia polisi usiku ule ule. Hakikisheni mtu anaifuata mapema na nakala inabaki nyumbani, maana madai yote yanaanzia hapo. Piga picha ya namba ya gari na stika ya bima, na uhakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kabla hujaanza kushangilia. Kunja risiti zote pamoja, hata ya pamba. Bima ya mtu wa tatu ya gari lake imelipa sehemu, baada ya miezi mingi na barua nyingi. Sehemu kubwa ni kile kiwanja na michango ya ndugu.

Kuendesha nilirudi mwezi wa 11. Siku ya kwanza nilifika kona ya nyumbani nikazima, nikaisukuma kurudi. Usiku nilikuwa bado nasikia ile sauti ya kidevu. Nilikwenda kuongea na mshauri wa saikolojia mara 5, nikamwambia habari ya kifungo, mtu wa kwanza kumwambia. Kisha nikamwambia mdogo wangu mwenyewe. Alinyamaza muda mrefu akasema, "Nilijua kimeharibika, na mimi nilipanda." Tukakaa.

Sasa nina buti zinazofunika kifundo, za ngozi, nimezipata mitumbani, pedi za magoti na ugoko ninazovaa juu ya suruali na kuzivua ofisini, dakika mbili. Na helmeti mbili za kiwango kimoja. Kuna mtu kanitumia ujumbe kuuliza kwa nini ya abiria nimenunua ghali wakati napakia mara moja kwa wiki. Nimemjibu faragha.

---

Boda wa Buzuruga

Mkuu la mwisho. Leo jioni namnunulia mama watoto. Nimempima kichwa kwa tepu ya fundi cherehani, sentimita 56. Mimi ya kwangu imeandikwa L na inanikaa sawa. Nimchukulie L ili tuwe tunabadilishana?

---

Msafiri wa Kibamba

Usifanye hivyo kaka. L ni 59 hadi 60 kwa watengenezaji wengi, itamzunguka kichwani na ikigongwa itamtoka hata akiwa ameifunga. 56 ni S. Ila tepu umepitisha wapi? Ipite juu ya nyusi kwa kama upana wa kidole na nyuma pale palipotokeza zaidi, mara mbili. Kisha nenda naye dukani, avae, afunge, atikise kichwa. Mashavu yabanwe kidogo, na helmeti ikisogea ngozi ya paji la uso isogee nayo. Ikizunguka peke yake, mrudishieni muuzaji.

---

Boda wa Buzuruga

Nimempima tena, ni 57. Tunakwenda wote.